Amazon Associates kwa wenye blogu: kamisheni ni ndogo, makala ndiyo inayoileta

Amazon Associates ndiyo programu ya kamisheni ambayo wenye blogu wengi huanza nayo, na ndiyo wanayoilalamikia kuliko zote. Ipo tangu 1996, kujiunga ni bure, na utaratibu wake ni mwepesi kuuelewa: unaweka kwenye makala kiungo chenye kitambulisho chako, msomaji anakibonyeza, akinunua unapata asilimia ya bei. Malalamiko mengi yana msingi. Viwango ni vidogo, muda wa kuhesabiwa mauzo ni mfupi, na masharti ni mengi kiasi kwamba mtu anaweza kufungiwa akaunti kwa jambo alilodhani ni la kawaida.

Pamoja na hayo tunaipa alama nzuri, ila kwa aina moja ya blogu: ile inayomfikia mtu aliyekwisha kata shauri la kununua na sasa amekwama kwenye kuchagua. Blogu ya namna hiyo italipwa hata ikiwa na wasomaji wachache. Blogu ya habari, maoni au burudani inaweza kujaza viungo kila aya na mwisho wa mwezi ikakuta senti. Tofauti hiyo inatokana na namna huduma yenyewe ilivyoundwa, na ukiielewa utajua mapema uandike nini.

Inavyolipa

Msomaji akibonyeza kiungo chako, kuki, yaani faili dogo la kumbukumbu, inabaki kwenye kivinjari chake kwa saa 24. Chochote atakachonunua ndani ya muda huo kinahesabiwa kwako, hata kama si kile ulichokiandikia. Akikiweka kwenye kikapu ndani ya saa hizo 24 bila kulipia, bado unayo nafasi: oda ikikamilika kabla kikapu hakijaisha muda, kwa kawaida siku 90, kamisheni ni yako. Akibonyeza kiungo cha mshirika mwingine kabla ya kuweka kitu kikapuni, kuki yako imekwisha.

Viwango hutegemea kundi la bidhaa. Kwenye duka la Marekani, vitabu vya karatasi na vyombo vya jikoni hulipa 4.5%, nguo na viatu 4%, samani, vifaa vya michezo, hedifoni na ala za muziki 3%, kompyuta na vipuri vyake 2.5%, televisheni 2%, vyakula na bidhaa za afya 1%. Kadi za zawadi hazilipi kitu. Soma jedwali lenyewe kabla ya kuchagua mada ya kuandikia, maana Amazon hulibadilisha inapotaka. Aprili 2020 samani na vifaa vya nyumbani vilishushwa kutoka 8% hadi 3% kwa mkupuo mmoja, na vyakula kutoka 5% hadi 1%. Blogu zilizotegemea moja ya makundi hayo zilipoteza zaidi ya nusu ya kipato bila kupoteza msomaji hata mmoja.

Kwa hiyo mtu anayepanga kuongeza kipato kwa kutafuta kundi lenye asilimia kubwa anajenga juu ya kitu asichokimiliki. Unachokimiliki ni makala, na hesabu yenyewe inaonyesha hivyo. Chukua mfano wa makala inayosomwa na watu 1,000 kwa mwezi. Wakibonyeza 200, wakanunua 10 kati yao, kila mmoja kwa dola 80, kwa 3% unapata dola 24. Sasa iandike upya makala hiyohiyo ili imsaidie msomaji kuamua: wabonyeze 300, wanunue 30. Wasomaji ni walewale 1,000, kiwango ni kilekile 3%, lakini malipo yamefika dola 72. Kupata nyongeza hiyo kwa njia ya wasomaji kungehitaji watu 2,000 zaidi kila mwezi, na hao hawaji kwa urahisi.

Saa 24 ndizo zinazokuchagulia mada

Kuki ya siku moja haimngojei mtu anayejifunza polepole. Anayetafuta "maikrofoni inafanyaje kazi" leo huenda akanunua baada ya wiki sita, na wakati huo kiungo chako kimeshasahaulika. Anayetafuta "maikrofoni ya USB au ya XLR kwa chumba chenye mwangwi" ana pesa mkononi: anachagua kati ya maikrofoni inayochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta na ile inayopitia kwanza kwenye kadi ya sauti, kifaa cha kati. Makala ya kwanza ina faida yake, kwani huvuta wasomaji na kuwapeleka kwenye ya pili kupitia kiungo cha ndani, lakini usiijaze viungo vya Amazon ukitegemea mauzo.

Maswali yanayolipa yana sura chache zinazojirudia: kipi kati ya hivi viwili, kipi kinachofaa hali fulani, je kitu hiki kinaingiliana na kile nilicho nacho, mbadala wa modeli fulani ni upi, na tatizo fulani la modeli fulani linatibiwa kwa kifaa gani. Aina hii ya mwisho husahaulika mno. Mtu anayeandika kwenye Google jina kamili la modeli pamoja na tatizo lake ni mnunuzi wa karibu kuliko anayeandika "bora" pamoja na jina la bidhaa, na washindani kwenye swali hilo ni wachache.

Tubaki kwenye maikrofoni tuone makala nzuri inavyofanya kazi. Makala dhaifu hutaja modeli kumi, ikanakili sifa kutoka ukurasa wa dukani, ikamaliza kwa kusema zote ni nzuri. Msomaji anaondoka na mkanganyiko uleule aliokuja nao. Makala inayouza huanza na chumba cha msomaji. Maikrofoni ya kondensa ina usikivu mkubwa, hivyo ndani ya chumba chenye kuta tupu na sakafu ya vigae hudaka mwangwi pamoja na sauti. Hapo maikrofoni ya dainamiki inafaa zaidi, mradi msemaji akae karibu nayo, kama sentimita 5 hadi 10. Kisha makala inaendelea mpaka mahali ambapo wengi hukwama baada ya kununua. Shure SM7B, kwa mfano, ni ya dainamiki na inahitaji kukuzwa kwa angalau desibeli 60. Kadi nyingi za sauti za bei ya chini hazifiki huko bila kuleta mvumo, kwa hiyo mnunuzi lazima ajue mapema kwamba atahitaji kadi yenye nguvu zaidi au kikuzaji cha kuweka katikati. Kondensa za XLR nazo zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi. Bila huo hazitoi sauti kabisa, na mtu hudhani amepelekewa kitu kibovu. Hata kishikio kina la kuambiwa: skrubu ya inchi 5/8 haiingii kwenye stendi ya inchi 3/8 bila adapta ndogo.

Kila moja ya taarifa hizo ni kiungo halali: kadi ya sauti, kikuzaji, waya, stendi, adapta. Msomaji anayehisi kwamba amekingwa na hasara hununua vitu vinne kwa kikapu kimoja, na vyote vinahesabiwa ndani ya zile saa 24. Hapa ndipo upana wa Amazon unapolipa ule udogo wa asilimia, na ni sababu kubwa ya sisi kuipa alama nzuri. Duka la maikrofoni peke yake huenda likakupa asilimia kubwa zaidi, lakini halitauza adapta, waya na taa ya mezani kwa oda moja.

Kasoro ziandikwe waziwazi, na waziwazi zaidi kwa bidhaa unayoipendekeza. Sema nani asiinunue. Wengi huogopa kwamba sentensi kama hiyo itafukuza mauzo, kumbe hufukuza mauzo ambayo yangerudi. Bidhaa ikirudishwa, kamisheni yake inakatwa, na msomaji aliyeuziwa kisichomfaa harudi tena. Tena anayesoma "haifai kwa chumba chenye feni" naye hana feni, huyo ameshaamua.

Google nayo inataka ushahidi

Wasomaji wengi wa makala za namna hii huletwa na Google, na tangu Aprili 2021 Google ina mfumo unaopima makala za uhakiki, mwanzoni za bidhaa peke yake. Maelekezo yake yanajulikana: onyesha ushahidi kwamba umekitumia kitu, toa vipimo, eleza faida na kasoro, linganisha na washindani, na toa viungo vya wauzaji zaidi ya mmoja ili msomaji achague. Desemba 2022 ikaongeza uzoefu wa moja kwa moja kwenye vigezo ambavyo wakaguzi wake hutumia kupima ubora wa kurasa.

Kwa vitendo, piga picha zako mwenyewe. Kifaa kikiwa mezani karibu na rula au simu kinaeleza ukubwa kuliko milimita zilizoandikwa. Pima kinachopimika: uzito kwa mizani, betri kwa saa, kelele, urefu halisi wa waya. Kama hujakishika kitu, usijifanye umekishika. Andika makala ya kulinganisha sifa na ueleze kwamba ndivyo ilivyo. Makala hiyo bado inaweza kuuza, ila itasimama kwa ubora wa uchambuzi.

Picha zako zina faida nyingine. Hadi mwisho wa 2023 SiteStripe, upau ambao mshirika huuona juu ya kurasa za Amazon na kunakili viungo humo, ulikuwa ukitoa viungo vya picha za bidhaa, kisha Amazon ikaviondoa, na blogu nyingi zikabaki na maboksi matupu kwenye makala za zamani. Sasa picha za Amazon hupatikana kihalali kupitia API yao, yaani njia ya programu kuvuta taarifa moja kwa moja kutoka Amazon, ambayo unaendelea kuitumia kadiri unavyouza. Kupakua picha ya dukani na kuiweka kwenye seva yako ni kuvunja masharti.

Kiungo kikae wapi

Weka cha kwanza mara tu baada ya uamuzi wa kwanza ulioeleweka, yaani msomaji akishajua ni ipi na kwa nini. Wapo wanaotaka jibu haraka, basi wape mapendekezo mawili au matatu juu kabisa, kila moja na sentensi moja ya sababu, kisha uchambuzi ufuate kwa wanaotaka kujiridhisha. Maneno ya kiungo yaseme mtu anakwenda wapi: "angalia bei ya leo Amazon" ni bora kuliko "bonyeza hapa". Usiunganishe jina la bidhaa kila linapotajwa. Baada ya kiungo cha nne aya inaanza kuonekana kama tangazo.

Jedwali la kulinganisha husaidia likiwa na bidhaa zisizozidi tano na safu wima tatu au nne. Likizidi hapo, kwenye simu linakatika, na msomaji haoni safu ya mwisho ambayo ndiyo yenye kiungo. Fungua makala yako kwenye simu ya kioo kidogo kabla ya kuichapisha.

Viungo vya kulipwa viwekewe ndani ya msimbo wake alama ya rel="sponsored", inayoiambia Google kwamba kiungo ni cha kulipwa na ambayo Google iliitambulisha 2019; alama ya zamani, nofollow, nayo inakubalika.

Vitambulisho vya ufuatiliaji

Hiki ndicho kipengele bora kabisa cha huduma hii, na wengi hawakigusi. Akaunti moja inaweza kuwa na vitambulisho hadi 100, na ripoti huonyesha mibonyezo na mauzo ya kila kimoja. Ukitumia kimoja kwa blogu nzima, utajua jumla tu. Ukitengeneza kimoja kwa kila makala kubwa, mfano maikrofoni-20 na stendi-20, utajua makala gani inalipa na ipi inakaa bure. Vitengeneze kwenye mipangilio ya akaunti, kisha kabla ya kunakili kiungo chagua kitambulisho husika kwenye SiteStripe. Makala ndogondogo zigawane kimoja kwa mada.

Baada ya mwezi, linganisha idadi ya waliosoma, waliobonyeza na walionunua. Wasomaji wengi na mibonyezo michache maana yake swali la makala si la mnunuzi, au jibu limefichwa chini mno. Mibonyezo mingi na manunuzi machache huelekeza kwingine: bidhaa imeisha, bei imepanda mbali na kundi ulilolitaja, au wasomaji wako wako nchi ambayo duka hilo haliwapelekei mzigo. Mauzo mengi na kamisheni ndogo ni suala la aina ya bidhaa. Hapo fikiria makala ya kifaa kikubwa kinachotangulia kile kidogo unachouza sasa. Pitia pia orodha ya vitu walivyonunua bila wewe kuviandikia. Kitu kikijirudia mara kwa mara, wasomaji wenyewe wanakutajia makala ijayo.

Kuhusu nchi: kila duka la Amazon lina programu yake na usajili wake. Kiungo cha duka la Marekani kwa msomaji aliye Uingereza mara nyingi hakizai kitu, kwa sababu atahamia duka la kwao na kitambulisho chako hakifiki huko. OneLink, zana ya Amazon yenyewe, huunganisha akaunti zako na kumpeleka msomaji kwenye duka lake, lakini ni lazima kwanza usajiliwe kwenye duka hilo. Na hakikisha bidhaa inayofunguka huko ni ileile; modeli nyingine hubadilika jina au aina ya plagi.

Yanayofunga akaunti

Ukikubaliwa, una siku 180 za kuleta mauzo matatu yanayostahili. Yasipopatikana, maombi yanafungwa. Unaweza kuomba tena, ila viungo vya zamani havikulipi, na ukipewa kitambulisho kipya itabidi uvibadilishe vyote. Ndiyo maana kujiunga siku ya kwanza ya blogu ni haraka isiyo na faida. Andika kwanza takriban makala 10 za asili, ngoja wasomaji waanze kuja, ndipo uombe.

Usinunue kupitia kiungo chako mwenyewe wala usiwaombe ndugu wafanye hivyo kukusaidia. Mauzo hayo hayahesabiwi na yanaweza kukugharimu akaunti. Usiandike bei kwa mkono ndani ya makala, kwa kuwa hubadilika na Amazon inataka ionyeshwe kupitia njia zake tu. Sema "ya bei ya kati" au mwache msomaji abonyeze aone. Usinakili maoni ya wateja wala nyota zao. Usifiche kiungo kwa kifupisho kinachomfanya msomaji asijue anapelekwa Amazon. Viungo hivi pia haviruhusiwi kwenye vitabu vya kielektroniki wala karatasi zilizochapwa.

Tamko ni lazima: blogu ieleze wazi kwamba wewe, kama mshirika wa Amazon, unapata kipato kutokana na manunuzi yanayostahili, kwa maneno ambayo Amazon imeyapanga kwenye mkataba. Liweke mwanzoni mwa makala. Likizikwa chini ya ukurasa halimfikii msomaji, na nchini Marekani tume ya biashara, FTC, inataka lionekane bila kutafutwa, karibu na pendekezo lenyewe. Tamko la sentensi mbili lililoandikwa kwa heshima halipunguzi mauzo ya makala nzuri.

Malipo na subira

Kamisheni huhesabiwa bidhaa ikishatumwa, na pesa hutoka takriban siku 60 baada ya mwezi kuisha, yaani mauzo ya Januari hulipwa karibu na mwisho wa Machi. Kiwango cha chini ni dola 10 kwa benki au kadi ya zawadi, dola 100 kwa hundi, na hundi ina makato ya dola 15. Malipo ya benki yanapatikana kwa nchi zilizoorodheshwa tu, hivyo tazama orodha hiyo kabla ya kuanza. Jaza pia fomu ya kodi mapema; asiye raia wala mkazi wa Marekani kwa kawaida hujaza W-8BEN. Mpaka ijazwe, pesa zinashikiliwa.

Usiache Amazon ibaki peke yake. Kwa vitabu, Bookshop.org huwalipa washirika wake 10%, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Amazon, ingawa inahudumia masoko machache. Watengenezaji wengi wa programu za kompyuta na huduma za kuhifadhi tovuti wana programu zao zenye kuki za siku 30 au zaidi, na hizo ndizo zinazofaa zile makala za kujifunza ambazo saa 24 hazizitoshi. Kwenye makala ya bidhaa, kiungo cha pili cha muuzaji mwingine hukukinga siku bidhaa inapoisha Amazon.

Makala inayoingiza pesa ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu. Bonyeza kila kiungo mwenyewe bila kununua, uone kama bidhaa ipo, kama ni modeli ileile, na kama muuzaji hajabadilika. Mabadiliko yaandike ndani ya makala na tarehe yake, na anwani ya ukurasa iache kama ilivyo; ndiyo maana si vizuri kuweka mwaka kwenye anwani tangu mwanzo. Bidhaa iliyoacha kutengenezwa usiifute kimyakimya. Andika kwamba haipatikani tena, taja iliyochukua nafasi yake na kilichobadilika, kwa sababu watu huendelea kulitafuta jina la modeli ya zamani muda mrefu baada ya kutoweka dukani, na wote hao wanahitaji kuambiwa wanunue nini badala yake.